Kwa Jina la Nani? Mjadala Kuhusu Mwanafunzi Mtetezi wa Jamii Zilizotengwa katika Vyuo Vikuu vya Kenya

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anayejitwika kazi ya kuzitetea jamii zilizotengwa hukutana mapema na swali la uhalali, yaani nani aliyemtuma na anasimama kwa jina la nani, na jibu analolitoa ndilo huamua kama ataanzisha chama cha wanafunzi wa kwao, atagombea kiti katika baraza la wanafunzi wote, au atayapeleka malalamiko yake mahakamani. Swali hilo limezua misimamo inayokinzana miongoni mwa wanafunzi, wahadhiri na watawala wa vyuo. Katika mjadala unaofuata misimamo hiyo imepewa sauti nne: Mtetezi, anayeamini kwamba waliotengwa hawana budi kujipanga wenyewe, Mpinzani, anayelikubali lengo lakini akaikataa njia, Mwanasheria, anayeyapima yote kwa Katiba na sheria za Bunge, na Mtawala, anayesema kutoka ofisi ya mkuu wa wanafunzi, ambako malalamiko mengi huishia. Hawa si watu halisi, ni misimamo iliyovishwa sauti, ingawa matukio na sheria wanazozitaja ni za kweli.

Mwanasheria ndiye anayefungua, kwa sababu watu wasiokubaliana juu ya maana ya istilahi hubishana usiku kucha bila kukutana. Anaeleza kwamba Ibara ya 260 ya Katiba ya 2010 inatenganisha mambo mawili ambayo vyuoni huchanganywa kila siku. Jamii iliyotengwa ni ile ambayo, kwa uchache wa watu wake au kwa sababu nyingine, haikuweza kushiriki kikamilifu katika maisha ya kijamii na kiuchumi ya taifa, na ndani ya maelezo hayo zimo jamii za kimapokeo zilizobaki kando zikilinda utamaduni wao, jamii asilia zinazoishi kwa uwindaji na uokotaji, na jamii za wafugaji, wawe wahamaji au waliotulia, ambazo umbali wa maeneo yao uliziweka pembezoni. Kundi lililotengwa ni jambo jingine: ni watu ambao sheria au desturi, kabla ya Katiba hiyo au baada yake, ziliwaweka katika hali duni kwa ubaguzi wa misingi iliyotajwa katika Ibara ya 27, kama vile jinsia, ulemavu, dini, kabila na asili ya kijamii. Kwa hiyo msichana kiziwi yumo katika kundi lililotengwa hata kama jamii alikozaliwa imeshika hatamu za nchi tangu uhuru, na mwana wa mfanyabiashara tajiri wa Garissa anahesabiwa kuwa mtu wa jamii iliyotengwa hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kukosa karo wala kitabu. Ibara ya 56 kisha inaiagiza serikali iweke hatua za usawazishaji, yaani mipango ya makusudi ya kumpa nafasi aliyenyimwa mpaka aweze kushindana na wenzake, na miongoni mwa nafasi hizo elimu imetajwa waziwazi.

Mtetezi anashukuru kwa ufafanuzi huo lakini anaonya kwamba sheria inaeleza hali bila kueleza chanzo chake. Kutengwa kwa kaskazini mwa Kenya na kwa sehemu kubwa ya Pwani, anasema, hakukuletwa na mvua haba, kulipangwa kwa maandishi. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, uliojinasibu na ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoongeza pato la taifa kwa haraka zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na reli, ili matunda yake yafikishwe baadaye kwa maeneo mengine. Baadaye hiyo ilichelewa. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotunga sera yake ya kwanza ya kuyatambua maeneo yaliyotengwa, kaunti 14 ziliorodheshwa, zikiwemo Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Lamu, Kwale na Kilifi, na yeyote anayeijua ramani ya reli ya mkoloni ataona kwamba nyingi kati ya hizo ndizo ambazo reli haikufika. Hata Mfuko wa Usawazishaji uliowekwa na Ibara ya 204, ambao ni nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, umetajiwa maji, barabara, afya na umeme; shule haikutajwa kwa jina.

Kutokana na historia hiyo Mtetezi anajenga hoja yake kuu. Mwanafunzi aliyesoma Mandera, ambako walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka baada ya mauaji ya abiria wa basi mwezi Novemba 2014, kisha wengine wakahamishwa na mwajiri wao mwaka 2020 kwa sababu za usalama, hakuufanya mtihani ule ule alioufanya mwenzake wa shule ya kitaifa yenye maabara na mwalimu wa kila somo, ijapokuwa karatasi ilikuwa moja. Alama ya C+, ambayo ndiyo kizingiti cha kuingia kozi za shahada, hupimwa kana kwamba njia zilizoifikia zililingana. Akishaingia chuoni anakuta kwamba waliokaa kwenye madawati ya utawala wengi wao wanatoka jamii moja au mbili, hali iliyothibitishwa mwaka 2012 pale Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipokagua vyuo vikuu vya umma na kukuta vingi vimevuka kiwango cha sheria ya 2008, inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Katika mazingira hayo, anauliza Mtetezi, mwanafunzi wa Kirendille au wa Kiaweer aende kwa nani kama si kwa wenziwe waliofika kabla yake?

Anaongeza mfano kutoka kusini mwa bara. Mwaka 1967 umoja wa wanafunzi wa Afrika Kusini uitwao NUSAS, ambao viongozi wake walikuwa Wazungu wapinzani wa ubaguzi, ulifanya mkutano wake katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Grahamstown, na chuo kikawakataza wajumbe Weusi kulala katika mabweni yake. Umoja ulilalamika kisha ukaendelea na mkutano. Steve Biko, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, aliondoka na funzo kwamba mtu anaweza kumhurumia mwenzake kwa moyo safi na bado asimpe nafasi ya kusema, na mwaka 1969 akawa rais wa kwanza wa SASO, chama cha wanafunzi Weusi peke yao. Mtetezi anasisitiza kwamba kujitenga huko kulikuwa njia ya kujijenga, wala hakukuwa chuki, na kwamba bila SASO historia ya Afrika Kusini ya miaka ya 1970 ingekuwa nyingine.

Mpinzani anaingia hapa kwa ukali usiotarajiwa kutoka kwa mtu anayedai kuunga mkono lengo. Anasema mfano wa Biko ni wa kweli lakini umepandwa katika udongo usio wake. SASO iliwakusanya Weusi wote, wakiwemo wale ambao serikali iliwaita Machotara na Wahindi, dhidi ya dola iliyokuwa ikiwagawa kwa makabila. Iliikataa migawanyo ya makabila na kujenga kundi kubwa kuliko yale yaliyochorwa na watawala. Chama cha wanafunzi wa kaunti moja au kabila moja nchini Kenya kinafanya kinyume chake. Kenya, anakumbusha, ina historia yake katika jambo hili. Umoja wa Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, uliongozwa mwaka 1982 na Titus Adungosi, aliyefungwa baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Agosti mwaka huo na kufia gerezani mwaka 1988. Ulipofufuka, kiongozi wake mwingine, Wafula Buke, naye akakamatwa mwaka 1987, akafungwa, na umoja ukapigwa marufuku. Wanafunzi walinyimwa chombo cha pamoja, lakini vyama vya wilaya, yaani vya wanafunzi waliotoka wilaya moja, viliachwa vistawi, na viongozi wao wakawa rahisi kualikwa Ikulu na kushukuriwa kwa utiifu wao. Utawala wa Rais Daniel arap Moi ulijua lililo wazi: mwanafunzi anayesema kwa niaba ya wilaya yake huweza kuridhishwa kwa zawadi ya wilaya yake, ilhali anayesema kwa niaba ya wanafunzi wote hana bei ya namna hiyo.

Hoja ya pili ya Mpinzani inagusa undani wa vyama vyenyewe. Kila chama kinachodai kuisemea jamii iliyotengwa kina wachache wake. Chama cha wanafunzi wa Pwani kinaweza kuendeshwa mwaka hadi mwaka bila mwanafunzi wa Kiwaata kushika nafasi yoyote. Chama cha Marsabit kinaweza kuwa uwanja wa ushindani wa Waborana na Wagabra huku Waelmolo wa ufuoni mwa Ziwa Turkana wakitajwa siku ya maonyesho ya utamaduni tu. Jambo hili limewahi kufika mahakamani katika sura ya kisiasa, pale Wailchamus wa Baringo walipolalamika kwamba wingi wa majirani zao ulikuwa ukiwamezea uwakilishi wa bunge, na Mahakama Kuu mwaka 2006 ikakubali kwamba wao ni wachache wanaostahili kuzingatiwa. Ikiwa hali ni hiyo katika eneobunge, anasema Mpinzani, chama cha wanafunzi kisicho na katiba ya maana wala hesabu zilizokaguliwa kitawezaje kuwa salama zaidi?

Kisha anavuka mpaka kwenda Uganda. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba kujiunga na Chuo Kikuu cha Makerere waliongezewa alama 1.5 ili kupunguza pengo lililokuwa kati yao na wavulana, na idadi ya wanawake chuoni ikapanda kweli. Lakini lawama iliyouandama mpango huo kwa miaka mingi ni kwamba waliofaidika zaidi walikuwa wasichana wa shule bora za mijini, ambao wazazi wao walikuwa na uwezo, huku msichana wa Karamoja akiendelea kuishia njiani kabla ya kuufikia mtihani wenyewe. Upendeleo unaotolewa kwa jina la kundi huokotwa kwanza na aliye karibu na mlango.

Mtetezi hapingi kwamba vyama vya wilaya vilitumiwa vibaya, wala hakatai kwamba kabila dogo ndani ya chama kidogo hupuuzwa, ijapokuwa anashangaa kwa nini dhambi hizo zinahesabiwa kwa wanyonge peke yao wakati baraza la wanafunzi wote limekuwa likigawanywa kwa hesabu za makabila makubwa bila kuitwa la kikabila. Jibu lake la msingi, hata hivyo, ni kwamba Mpinzani amesahau jinsi kikwazo kinavyojulikana. Wanafunzi wengi wa Nairobi au Nyeri walipofikisha miaka 18 walienda kwa chifu, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole na kusubiri kitambulisho cha taifa. Mwenzao wa Wajir, au Mnubi wa Kibra ambaye babu wa babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza, alipangiwa kwanza kuhojiwa na kamati ya wazee na maofisa wa usalama ili athibitishe kwamba ni Mkenya. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki kwa urahisi, na akiwa mtu mzima hujikuta amekwama katika maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995 ili asiye na uwezo asikose chuo. Baraza la wanafunzi wote lingelijuaje jambo ambalo viongozi wake hawakukutana nalo? Lilijulikana kwa sababu waliokutana nalo walikaa pamoja na kugundua kwamba lililomkuta kila mmoja wao halikuwa bahati mbaya.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote alizozitoa Mtetezi, na insha hii haioni kwamba Mpinzani ana jibu la kuivunja. Malalamiko ya watu waliotawanyika hubaki minong'ono mpaka yapate mahali pa kukusanyika, na mahali hapo, kwa mwanafunzi mgeni wa mji na mgeni wa lugha ya mabweni, mara nyingi huwa ni kundi la watu wa kwao.

Lakini Mwanasheria anaishika hoja hiyo hiyo na kuigeuza. Kikwazo cha kitambulisho, anasema, hakikuwa cha jamii moja. Wanubi walikilalamikia mpaka kamati ya wataalamu ya Afrika kuhusu haki za mtoto ikaamua mwaka 2011 kwamba Kenya iliwakosea watoto wao. Wamakonde, waliofika Pwani kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliandamana kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 wakidai uraia, wakatambuliwa na kuitwa kabila la 43. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe ya leo wakiwa wahubiri, walisubiri mpaka Desemba 2020 ndipo watu 1,670 kati yao wakatangaziwa uraia. Wapemba wa Kwale na Kilifi wakafuata mwaka 2023. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani. Jamii hizi hazina lugha moja, dini moja, wala asili moja, na baadhi yao hazikuwahi kukutana. Zilichoshirikiana ni dirisha moja la serikali lililokuwa likifungwa usoni mwao. Mwanafunzi mtetezi aliyejiwekea mpaka wa kabila lake angeishia kumwombea nduguye msamaha wa dirisha hilo, ilhali aliyekitazama kikwazo chenyewe angewakuta Mnubi, Mmakonde, Msomali na Mshona wakiwa foleni moja.

Kuanzia hapo mjadala unahama. Swali halibaki kuwa kama wanafunzi wakusanyike na watu wa kwao au la, bali linakuwa: wakishakusanyika, dai lao liandikwe kwa jina la nani? Mpinzani, kwa furaha isiyojificha, anautaja mfano wa karibuni. Mwaka 2023 serikali iliacha utaratibu wa zamani ambao mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, ikaleta mfumo wa kupima uwezo wa kaya, yaani kukisia kipato na mali ya familia kwa majibu ya maswali, kisha kuipanga familia katika daraja lake. Katika madaraja matano yaliyotumika mwaka 2024, familia iliyohesabiwa kuwa fukara kabisa ilipangiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama, na iliyohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa asilimia 40, iliyobaki ikiwa ni ufadhili na mkopo. Mwaka huo malalamiko yalijaa vyuoni kwamba watoto wa vibarua wamewekwa daraja la wenye mali. Waliokwenda Mahakama Kuu hawakwenda kwa jina la kabila. Miongoni mwao lilikuwemo Shirika la Haki za Binadamu nchini Kenya, KHRC, pamoja na kundi la wanafunzi, na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akatamka kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, lakini madaraja yalikuwa yameacha kuwa siri ya wataalamu wa wizara.

Mtetezi anauliza swali la mfugaji. Maswali ya kupima kaya yaliandikwa na nani, na yanamwonaje mwenye ngamia 40 ambao ukame unaweza kuwamaliza kwa msimu mmoja? Je, huyo ni tajiri? Hapa, anasema, ni mwana wa wafugaji anayeweza kulifafanua jambo hilo mbele ya jaji, na dai la wote lingepungua bila ushahidi wake. Mpinzani anakubali, na ni mara ya kwanza anakubali bila sharti. Ushahidi ni wa anayejua, dai ni la wote wanaoguswa.

Mtawala, aliyekuwa kimya, anaombwa aseme, na maneno yake ni machache kuliko ilivyotarajiwa. Ofisi yake, anasema, haiwezi kutenda juu ya dai kwamba jamii fulani imedharauliwa kwa karne moja. Inaweza kutenda juu ya mwanafunzi aliyenyimwa kadi ya mtihani kwa deni la karo wakati hundi ya basari ya kaunti bado iko njiani, au juu ya mwanafunzi kiziwi aliyepangiwa kozi na taasisi ya serikali ya kuwaweka wanafunzi vyuoni, KUCCPS, akafika darasani bila mkalimani wa lugha ya ishara. Anakiri kwamba hali hii ya pili ni aibu, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba inaiagiza serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, lakini mshahara wa mkalimani hutoka katika bajeti ile ile inayodaiwa na wahadhiri. Kwa hiyo chuo humpa mwanafunzi kiziwi rafiki wa kumwandikia muhtasari na kuuita huo msaada.

Maneno hayo yanastahili kutafakariwa. Mwanafunzi kiziwi ndiye anayeonyesha udhaifu wa vyama vya nyumbani na vya baraza kwa wakati mmoja. Katika chuo kimoja wanaweza kuwa wanne au watano tu, kila mmoja kutoka kaunti yake, hivyo chama cha kaunti hakiwezi kuwakusanya. Na kwa uchache wao hawana kura ya kumtisha mgombea yeyote wa baraza. Mkutano wa kampeni unafanyika kwa vipaza sauti, na ahadi zinatolewa kwa watu wanaosikia. Asipopatikana mwanafunzi mwenzao atakayedai mkalimani awepo pia mikutanoni, wao watabaki kuwa picha ya kalenda ya chuo. Uanaharakati wa maana hupimwa kwa watu wa namna hii kuliko kwa makundi yenye kura, na ni ajabu kwamba waliojifunza kuhutubia kwa saa mbili juu ya ukombozi wamekuwa wazito kujifunza hata alama chache za lugha hiyo.

Mwanasheria anaongeza jambo kuhusu kura zenyewe. Sheria ya Marekebisho ya Vyuo Vikuu ya 2016 iliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi na kuweka wajumbe: kila idara, skuli au kitivo huchagua wawakilishi wake, nao ndio huchagua baraza. Sheria hiyo inataka mwenyekiti na makamu wake wawe wa jinsia tofauti, na ikatenga nafasi za masilahi maalumu. Waliotunga sheria walisema walitaka kupunguza fedha na ghasia za kampeni. Wakosoaji walisema ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe mia moja kuliko wanafunzi elfu hamsini. Kwa wachache, matokeo yamekuwa ya pande mbili. Nafasi ya masilahi maalumu huwafikisha mezani, lakini aliyeketi hapo ana deni kwa wajumbe waliompigia kura, ambao wengi wao si wa kundi analolisemea.

Mpinzani, kabla ya kumaliza, analeta jina ambalo wengi hupenda lisitajwe katika mijadala ya aina hii. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kufyatua risasi. Chuo hicho kilikuwa kimewekwa Garissa ili elimu ya juu iufikie mkoa ulioachwa nyuma, na wengi wa waliouawa walikuwa wamepelekwa pale kutoka kaunti nyingine, wakiwa wachache kwa dini na kwa lugha katika mji huo. Kutengwa, anasema, hakubebwi na jamii moja kila mahali na kila saa. Mtetezi anaipokea hoja kwa heshima na kuikamilisha: baada ya siku hiyo mwanafunzi Msomali katika vyuo vya Nairobi na Eldoret alianza kutazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu ya jina na hijabu, naye pia alikuwa akiomboleza. Sauti hizo mbili hazikupatana katika mengi, lakini katika hili hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Hukumu ya insha hii inaegemea kwa Mpinzani katika jambo la dai na kwa Mtetezi katika jambo la makutano. Chama cha watu wa nyumbani kina haki ya kuwepo: kimpokee mgeni siku ya kuripoti, kimtafutie kitanda, kimweleze fomu za basari, kimkusanyie ushahidi wa yaliyompata. Kisigombee wala kisimnadi mgombea, kwa sababu siku kinapoingia katika biashara ya kura ndiyo siku kinapoanza kufanana na vyama vya wilaya vya miaka ya 1980, na wachache waliomo ndani yake ndio huwa wa kwanza kuuzwa. Dai linalotoka humo liandikwe kwa jina la kikwazo na lisainiwe na kila anayekwazwa, awe wa kwao au asiwe. Na pale kikwazo kinapomkuta mtu mmoja au wawili, kama mwanafunzi kiziwi, mwenye nguvu ya kura ndiye anayewajibika kulibeba dai hilo.

Liko jambo moja ambalo sauti zote, hata ya Mtawala, zilikubaliana kwamba lingebadilisha mjadala wenyewe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeipa KUCCPS wajibu wa kuwa na vigezo vya usawazishaji kwa waliotengwa, wachache na watu wenye ulemavu, lakini kupangiwa nafasi si kuhitimu. Kila chuo kikuu cha umma kinajua ni wanafunzi wangapi walioripoti kutoka Tana River, Samburu au Pokot Magharibi, wangapi walioahirisha masomo kwa kukosa karo, wangapi waliofika mahafali, na wangapi kati yao wenye ulemavu. Rekodi hizo zimo katika ofisi ya msajili. Vyuo vizitangaze kila mwaka bila kutaja majina ya watu, na wanafunzi, wa makabila yote, wazidai kwa maandishi wakitumia Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.